Walipokuja Kumfunga Dishon

Kilichompandisha Awuor hasira ni kamba. Griffins, shemeji yake, alikuja na mhubiri wake mpaka nyumbani kwao Nyamasaria eti wamwombee Dishon kidogo tu, kumbe ameificha chini ya kiti, kamba nene ya ng'ombe.

Tangu Dishon, mume wake, arudi kutoka vita vya Somalia, ukoo mzima ulikuwa ukimwambia Awuor ashukuru Mungu: si mumewe amerudi mzima? Lakini hakuna aliyemwona akijitupa chini ya meza mafuta yaliporuka kikaangoni, au akisugua mikono bafuni mpaka ngozi ikachubuka.

Mhubiri alimzunguka Dishon kwa nyuma, akamkamata kisogo ghafla. "Toka, pepo!"

Kufumba na kufumbua, mhubiri alikuwa sakafuni, Dishon amemkaba koo.

Awuor akapiga magoti mbele ya mumewe. "Baba Terry, niangalie. Uko nyumbani. Mwachilie."

Mkono ukalegea. Dishon akarudi nyuma mpaka ukutani, jasho likimtiririka.

"Mmeona?" Griffins akaivuta kamba. "Tumfunge kabla hajaua mtu."

"Umfunge nani?" Awuor aliinyakua kamba hiyo, ikamchuna viganja. "Alipomjengea mama yenu nyumba, alikuwa na pepo? Mlipozungusha picha yake akiwa na magwanda ya jeshi mkiringa kijiji kizima, alikuwa na pepo? Leo ni ng'ombe! Tokeni kwangu!"

"Shemeji, heshima kidogo..."

"Toka!"

Walipoondoka, hasira haikuondoka nao. Akamgeukia mumewe. "Na wewe! Miaka miwili unaniambia uko sawa. Mimi ni mjinga?"

Dishon akasema, "Amolo alikuwa ananiita. Yule tuliyekuwa naye kambini. Gari lao lilikuwa linawaka. Mkubwa akaniambia nisirudi. Sikurudi."

Awuor aliketi sakafuni karibu naye, bila kumgusa.

Asubuhi walikwenda hospitali. Karani aliwaambia daktari wa akili huja Alhamisi tu, na hiyo ilikuwa Jumatatu. "Mpeleke nyumbani, Mama. Mbona anaonekana sawa?"

Awuor aliburuta kiti mpaka mbele ya dirisha la karani, akakaa kitako.

"Andika jina lake," alisema. "Andika alikuwa mwanajeshi. Halafu mpigie huyo daktari simu, mimi nikisikia. Siendi popote."

Karani alimtazama, akamtazama Dishon aliyeegemea ukuta macho yakiwa mlangoni, akachukua simu.