Kitanda Changu Kimetajwa Bungeni

Nimelala vijiji vingi katika maisha yangu. Njia ile ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kushuka Sikonge hadi Ipole na mbele yake, nimeipita sijui mara ngapi, si kwa kupenda historia bali kwa kuuza asali na nta kwa baiskeli. Shule nimeisoma vipandevipande: darasa la kwanza jirani na Kipalapala, la tatu Sikonge, la pili sijui lilipotelea wapi. Sasa miguu imegoma. Nimetua Itundwe, kwa mjukuu wangu Julieth.

Itundwe kuna zahanati. Matofali tulifyatua wenyewe, serikali ikaleta bati, kisha mlango ukatiwa kufuli. Miaka sita. Hakuna muuguzi, hakuna dawa, hakuna hata pa kulalia. Mwaka juzi Julieth alishikwa na uchungu, akapakiwa kwenye bodaboda kwenda Sikonge, kilometa arobaini na sita za mchanga. Akajifungulia njiani, kwenye majani, na mtoto hakufika mjini akiwa hai. Mwaka huu alikuwa na mimba tena, ya miezi mitano. Basi ukinisikia nasimulia habari za Bunge, usidhani napenda siasa. Nilikuwa nahesabu miezi.

Mbunge wetu ni Zeyana Humaidi, mtu wa Gongoni, Tabora mjini. Babu yake alikuwa Mwarabu wa duka, nilimuuzia nta. Alikuwa na maneno mengi na mizani ya haki. Zeyana ana miaka kama hamsini hivi, na sauti iliyokauka kwa mikutano ya vumbini. Mara nne ameuliza habari ya zahanati yetu, mara nne ameambiwa Serikali inatambua umuhimu wake. Mara ya tano akatupigia simu.

"Mzee Masolwa, shikamoo. Njoo Dodoma na mwenyekiti. Mkae kule juu, wawaone."

"Marahaba, mama. Wakituona ndiyo watafanya nini?"

"Sijui, mzee. Nimechoka kuuliza peke yangu."

Tukaenda, mimi na Festo, mwenyekiti wa kijiji. Festo aliniazima koti, akaniazima na viatu, maana tuliambiwa kandambili haziingii. Getini tuliacha simu, tukaacha na fimbo yangu. Askari alimpekua Festo akakuta mhuri wa kijiji umefungwa kwenye leso.

"Huu wa nini, mzee?"

"Nikiuacha nyumbani, mtendaji wangu ataugonga kwenye kila karatasi," Festo akasema. Askari akacheka, akamrudishia.

Tulipokaa juu kwenye viti vya wageni, tukatajwa: wageni wa Mheshimiwa Zeyana Humaidi kutoka Itundwe. Tukasimama. Watu wazima mia kadhaa wakatupigia makofi kwa sababu tu tumesimama. Festo alipunga mkono kama aliyeshinda mbio.

Kisha zamu ya swali ikafika. Zeyana akauliza kama alivyouliza mwaka jana na mwaka juzi: ni lini Serikali itapeleka muuguzi na vifaa katika zahanati ya Itundwe, ili akina mama waache kujifungulia barabarani? Akakaa.

Naibu Waziri akasimama na karatasi yake. Mtu mnene, mpole, naye ana macho ya kukosa usingizi. Akasema kwamba Serikali ilituma mkaguzi mwezi wa pili. Mkaguzi aliikuta zahanati iko wazi na inafanya kazi. Ina vitanda vinne vyenye mashuka, kabati la dawa, mapazia, taa ya sola, na muuguzi alikuwepo anahudumia akina mama. Picha zipo. Kwa hiyo fedha ya mwaka huu imeelekezwa kwenye vijiji vyenye uhitaji zaidi.

Nilimtazama Festo. Festo alikuwa anatazama viatu vyake.

Kile kitanda cha kwanza ni changu.

Nieleze vizuri. Mwezi wa pili ilikuja barua kwamba mgeni anakuja kuangalia zahanati. Leonia, mke wa Festo, alikwenda kufagia, akatoka na ufagio mkononi, uso umemshuka. "Mgeni wa serikali atoke huko kote," alisema, "tuje tumwingize kwenye nyumba tupu? Atasema watu wa hapa ni wa namna gani?" Kwetu hilo si jambo dogo. Mgeni hata akija na habari mbaya, unamtandikia. Basi nikatoa kitanda changu, Festo akatoa viwili, kingine kikatoka kwa mwalimu. Leonia akatundika mapazia ya sebuleni kwake, na taa yake ya sola. Kabati likabebwa na vijana wanne kutoka dukani, ndani likatiwa makopo ya maziwa yaliyooshwa. Siku hiyohiyo ilikuwa siku ya chanjo, siku moja katika mwezi, kwa hiyo muuguzi wa kupita alikuwepo. Tena foleni ya akina mama ilikuwepo.

Hakuna aliyesema uongo. Mgeni hakuuliza vitu ni vya nani, na sisi hatukuulizwa. Alipiga picha, akala kuku, akafungiwa asali ya kwenda nayo. Sisi tulidhani atakwenda kusema: hawa ni watu wasafi, wanajua kutunza, waongezewe. Tulidhani mtu hupewa kwa kuwa ametunza. Jioni kila mmoja akabeba kitanda chake akarudi nacho nyumbani.

Na Zeyana hatukumwambia. Tuliona ni mambo ya ndani.

Sasa alikuwa amesimama pale chini kwa swali la nyongeza. "Huyo muuguzi anaitwa nani? Na ni mama gani amejifungulia hapo?"

Naibu Waziri akatabasamu. "Labda nimshauri Mheshimiwa atembelee jimbo lake mara kwa mara."

Wakacheka. Kicheko kilizunguka ukumbi mzima, hata upande wake Zeyana kuna waliocheka. Yeye alikaa taratibu, akapanga karatasi zake, akazipanga tena.

Tulimkuta kantini. Ameagiza chai, hajainywa.

"Wamepata wapi habari hizo?" akasema. "Mwezi wa tatu nimepita pale, nimechungulia dirishani. Hamna hata stuli. Hiyo ripoti imeandikwa hotelini."

Festo akakohoa. Akanitazama mimi, maana mimi ndiye mkubwa.

"Mama," nikasema, "haikuandikwa hotelini. Mkaguzi alikuja. Vitanda vilikuwepo. Kimoja changu."

"Chako?"

"Cha mninga. Mguu mmoja umefungwa waya. Ukiitazama picha utauona."

Nikamwambia yote, kabati, makopo, mapazia ya Leonia. Festo akawa anaongeza vipande: "Kuku walikuwa wawili, Mheshimiwa." Nikamkanyaga mguu.

"Miaka minne," Zeyana akasema mwishoni. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Miaka minne nawaambia hawa watu hakuna kitu. Leo nimeonekana mwongo mbele ya nchi, na mnaonifanya mwongo ni nyinyi, na mmekaa juu mnapigiwa makofi."

"Mgeni hapokewi penye utupu, Mheshimiwa," Festo akasema.

"Huyu hakuwa mgeni, Festo! Alikuja kuuona huo utupu. Ndiyo kazi aliyotumwa."

Hilo neno lilinikaa. Nimepokewa majumbani mwa watu miaka hamsini, sikuwahi kufikiri kwamba kuna mgeni anayekuja kutafuta upungufu, na ukimficha umemnyima.

Zeyana alisema jibu limeshaingia kwenye kumbukumbu za Bunge, na halitoki kwa maneno. Panatakiwa barua ya kijiji, yenye mhuri, ieleze kwamba vile vitu viliazimwa. Akaenda kuomba karatasi.

"Mhuri wangu?" Festo akaniambia kwa sauti ya chini. "Masolwa, Novemba kuna uchaguzi. Niandike kwamba mimi, mwenyekiti, nimepamba zahanati ya uongo? Leonia ataniua kabla ya wapiga kura."

"Julieth ana miezi mitano."

"Najua."

"Mara ile ya kwanza ni wewe uliyemshika kwenye bodaboda, ulikaa nyuma yake."

"Najua, bwana! Nilikuwepo!" Watu wa meza ya pili wakageuka. Festo akajifuta uso kwa leso, na mhuri ukaanguka mezani.

Niliandika mimi. Mwandiko wangu ni wa la kwanza na la tatu, lakini unasomeka. Festo aliisoma mara mbili, akaupulizia mhuri pumzi mara tatu ili ulowe vizuri, akaugonga.

Naibu Waziri tulimpata kwenye ngazi, ana haraka. Aliisoma akiwa amesimama. Nilitegemea matusi.

"Wazee wangu," akasema, "nina vijiji vyenye shida kuliko idadi ya siku za mwaka. Mnajua nimefurahi kiasi gani kusikia kimoja kimekwisha?" Akaikunja barua, akaitia mfukoni. "Nitamrudisha mkaguzi. Muuguzi siwaahidi tarehe."

Nilipochukua simu getini nilimpigia Julieth. Akauliza wamesemaje. Nikamwambia: mwezi wa saba hamia kwa shangazi yako Sikonge mjini, ukae karibu na hospitali, usimsubiri mtu.

"Kwa hiyo wamekataa, babu?"

"Hawajakataa. Hamia."

Mkaguzi alirudi mwezi wa sita, yuleyule. Tulimwonyesha vyumba vitupu, popo na sakafu. Hatukumpikia. Leonia alijifungia ndani tangu asubuhi. Alisema haiwezekani aonwe amesimama mikono mitupu mbele ya mtu aliyetoka safari.

"Kuku wenu amenitia matatani, mzee," mkaguzi akaniambia. Nikamwomba radhi. Akapiga picha za popo.

Julieth alijifungua Agosti, hospitalini Sikonge, mtoto wa kike, mzima. Muuguzi wetu alifika Septemba mwishoni, dada mmoja anaitwa Elieth, na vitanda viwili vya chuma, na sanduku la dawa lisilojaa. Zeyana hakuja siku ya kufungua. Alituma salamu, akasema yuko Bungeni, ana swali la kijiji kingine.

Novemba Festo alishindwa kwa kura sitini na kitu. Hawakusema ametenda ubaya. Walisema ametuvua nguo mbele ya wageni, tena kwa mhuri. Ameurudisha ofisini, na sasa unakaa kwa mtendaji.

Juzi Julieth alimpeleka mtoto kwa Leonia kusalimia, nikamfuata nyuma. Leonia alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akampulizia usoni, akamwimbia. Akamtolea Julieth kiti. Mimi hakunitolea. Nilisimama pale mlangoni kitambo, Festo ananitazama kutoka uani, kisha nikasema kwaherini, nikarudi polepole.