Kimya cha Winnie kwenye Usaili

Haya aliniambia mjukuu wangu Winnie mwenyewe, Jumamosi iliyopita mchana, alipokuja kwangu Igogo, hapa Mwanza, kutoka Igoma anakopanga chumba na dada yake Rose. Aliniamkia, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi.

"Mke mwenza," akasema, "mume wetu nusura aninyime kazi."

Mume wetu ni babu yake, Okomo. Ana miaka tisa kaburini.

"Marehemu mwache apumzike," nikamwambia. "Amekukosea nini?"

Basi akanieleza. Winnie amesomea kuandika programu za kompyuta. Tangu amalize chuo ameitwa kwenye usaili mara tatu, na mara zote tatu hawakumchukua. Huu wa nne ulikuwa Jumatano, yeye yuko chumbani Igoma, wanaomsaili wako ofisini Dar, wanaonana kwenye kompyuta. Walikuwa wawili, dada mmoja Gladness na kaka mmoja Elias. Wakampa programu mbovu ya kukata tiketi za basi, inauza kiti kimoja kwa watu wawili. Atafute kosa, na huku anatafuta aseme kwa sauti kila anachowaza.

Winnie akainamia kazi, mdomo ukajifunga.

"Winnie, tunakusikiliza. Unawaza nini?"

"Nawaza, dada."

"Ndiyo, lakini nini?"

"Subirini kidogo."

Dakika ishirini hivyo hivyo. Halafu akaandika mistari miwili, programu ikapona. Wale badala ya kufurahi wakatazamana.

"Samahani," Elias akasema, "humo ndani uko na nani?"

"Peke yangu, kaka."

"Hebu zungusha kamera."

Akazungusha. Kitanda, ndoo, sanduku la Rose, khanga kwenye kamba. Walidhani kuna mtu anamnong'oneza majibu. Wakampa swali la pili, wakamwambia safari hii asiposema kwa sauti anachowaza, usaili unaishia hapo.

Mimi kabla hajamaliza nilishajua ububu huo kaurithi kwa nani. Okomo alikuwa akishona nyavu pale ufukweni, wavu kaukaza kwa kidole gumba cha mguu, huruhusiwi hata kumwuliza kama atakunywa maji. Anahesabu macho ya wavu kichwani. Ukimsemesha anaanza upya. Winnie yuko darasa la pili, amekaa ubavuni kwake saa nzima bila neno, na mimi nikiwapita na beseni la dagaa nacheka peke yangu, nawaona mabubu wawili. Ila akishakata uzi wa mwisho, Okomo anaanza kuongea na hanyamazi tena. Anarudi na kidole fundo kwa fundo: hapa sangara alipasua, hapa nilidhani macho mawili kumbe manne, hapa nilikosea nikafumua. Mimi nalalamika chakula kinapoa. Siku hizi ningekubali kipoe.

Winnie akawaambia wale wawili, "Naombeni niifanye kimya. Simu nitaiegesha nyuma yangu, mwone mikono na kioo cha kompyuta. Nikimaliza nitarudi mwanzo niwaeleze hatua kwa hatua, na nilipokosea pia."

Elias hakutaka. Gladness akasema, "Mwache ajaribu."

Akafanya. Alipomaliza akarudi juu, akaanza kuwaeleza, mstari huu na huu, hata hawakuwa na nafasi ya kumkatiza. Mwishowe Elias akaipata hiyo nafasi.

"Pale katikati ulifuta vyote. Kwa nini?"

"Nilidhani kosa liko kwenye tarehe, kaka. Halikuwepo. Nimepoteza dakika sita."

Elias akacheka. "Mtu anayenong'onezwa hapotezi dakika sita."

Jana yake, Ijumaa, ndipo walipompigia. Wamemchukua, miezi mitatu ya majaribio, Jumatatu anaanza, atafanyia hapa hapa Mwanza.

"Na huko kazini watauweza huo ububu?" nikamwuliza.

"Wamesema nijifunze kuongeaongea kidogo, bibi."

"Mume wetu angeacha kazi."

"Siku ya kwanza. Tena angeondoka bila kuaga."

Tukacheka. Tangu Jumatano alikuwa hajalala sawasawa, macho yamemvimba. Nikamwuliza hiyo Jumatatu atavaa nini, maana watamwona kwenye kamera.

"Ile blauzi ya..." akasema, akajigeuza upande wa ukutani.

Nikangoja anitajie ni blauzi ipi. Alikuwa ameshalala.