Nguo Alizoachiwa Ikran

Wanaume wawili walimpenda Ikran, Garsen nzima ikijua, na wote wawili walikuwa majoka. Hilo la pili Garsen haikulijua. Midomo ya watu ilikuwa imeshiba lile la kwanza: kwamba mjane mwenye kibanda cha uunsi, ule ubani wa Kisomali wa kufukizia nguo, haoni haya kuwapikia chai wanaume wawili ndani ya wiki moja.

Wa kwanza alikuwa Abdiaziz, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Madogo, mtu wa maneno machache na subira nyingi. Huyo ndiye aliyetakwa na Mahamed, kaka yake Ikran, maana dini ni moja, lugha ni moja na mifugo ipo. Wa pili alikuwa Nzai, Mgiriama wa Kilelengwani, mkulima wa mpunga aliyecheka hata palipohitaji kilio, na huyo hakutakwa na mtu isipokuwa Ikran mwenyewe. Waliosema mshika mawili moja humponyoka walisema kweli, ila hawakusema jinsi mikono inavyouma kabla hakijaponyoka chochote.

Alijua walivyo. Alikuwa amemwona kila mmoja wao akiingia mtoni mtu na kuibuka joka la miguu minne, mwili mzima magamba, pumzi ya moto ikifukisha mvuke juu ya maji. Hakukimbia. Wanawake waliotangulia walikuwa wamekimbia, na kwa sababu hiyo walimpenda maradufu.

Kisha zikaja mvua za mwaka ule. Tana ikafura ikameza mashamba, na watu wa Kilelengwani wakahamia mwinuko wa juu na kuku wao. Hapo wapinzani wale wawili, ambao hawakuwa wamesalimiana tangu Ramadhani, walikuja kibandani pamoja wakamwomba Ikran awasindikize hadi kwenye kona ya mto iliyo juu kidogo ya kijiji. Njiani walimweleza kuwa maji yale yangerudi kwenye mkondo wake wa zamani iwapo tu majoka mawili yangelala ubavu kwa ubavu na kuyasukuma. Mmoja peke yake angekufa bure.

Ukingoni kila mmoja alivua nguo aliyokuwa nayo mwilini akamkabidhi. Abdiaziz alimpa kikoi, Nzai akampa jezi yake nyekundu iliyotoboka kwapani. Joka haliwezi kurudi kuwa mtu bila nguo ya mwisho liliyovua, na nguo hiyo haiachiwi mtu yeyote tu. Kwa hawa majoka, kumwachia mwanamke nguo ndiyo posa. Wakakubaliana mbele yake kwamba maji yakipungua aje palepale na nguo zote mbili. Atakayepewa nguo yake kwanza ndiye mume, na mwenzake atavaa yake aende zake bila neno.

"Usiipoteze tu," Nzai alimwambia huku akicheka, maji yakimfika kiunoni.

Maji yalipungua polepole, na Ikran alikonda nayo. Moyo wake ulikuwa umeamua zamani. Woga ndio ulikuwa ukimchelewesha. Alipomwambia Mahamed kuwa atamchukua Nzai, Mahamed alimjibu kuwa tangu siku hiyo asimwite kaka tena. Ikran alilia mpaka macho yakavimba, lakini hakubadili neno.

Sasa angempokeaje mume? Alizaliwa katika nyumba ambamo mwanamume akirudi safari hupokewa kwa nguo safi yenye moshi wa uunsi. Mama yake alifanya hivyo, na yeye alimfanyia hivyo marehemu mumewe. Jezi ya Nzai ilinuka jasho na matope. Aliifua kwa sabuni, akairudia, akashona kwapa lililotoboka, akaianika juani, kisha akaitandaza juu ya chetezo mpaka kila uzi ukanywa moshi. Aliinusa akatabasamu peke yake kama msichana.

Kikoi cha Abdiaziz hakukigusa. Nguo ya mwanamume usiyemtaka huifukizi, huko ni kumdanganya yeye na kumdanganya Mungu. Alikisokomeza ndani ya kiroba jinsi kilivyokuwa.

Asubuhi maji yaliporudi mkondoni, Nzai ndiye aliyetangulia kufika kwenye kona ile. Ikran alimjua kwa magamba mekundu ya shingoni, aliyoyaona siku ile alipoibuka mbele yake, akashuka mbio akaitandaza jezi kwenye tope mbele yake. Joka lilikuja mpaka ukingoni. Likainusa jezi, likainusa tena. Kisha likainua kichwa na kutazama huku na huku, kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Nzai," alisema. "Ni mimi."

Macho yale yalimwangukia. Nzai aliwahi kumtazama kwa njaa, kwa hasira na kwa mapenzi, na leo alimtazama kama mtu atazamaye kisiki kilichokwama ukingoni. Ikran aliingia majini na nguo zake, akamtupia jezi kichwani, ikateleza. Akaiokota, akamvisha tena, akamwita kwa jina lake, kwa jina la mama yake, na kwa yale majina ya faraghani ambayo hakuna mwingine aliyeyajua. Pumzi ya moto ilimuunguza mkono. Joka likageuka, likafuata maji kwenda chini, na jezi ikabaki ikielea.

Alikuwa bado amesimama majini Abdiaziz alipotokea. Huyu hakuwa na haraka. Aliweka kidevu kwenye tope akangoja, na Ikran alimchukia kwa kungoja kwake. Kwa kitambo alifikiri kukiacha kikoi ndani ya kiroba, kwa nini huyu arudi na yule asirudi? Kisha mkono ukakitoa wenyewe, ukakitupa. Joka lilinusa mara moja tu. Magamba yakayeyuka, na Abdiaziz akasimama akitetemeka, akijifunga kikoi kichafu kiunoni.

Aliiona jezi, akaiokota, akaipeleka puani. Uso wake ukaanguka.

"Umeifua," alisema.

Abdiaziz akamweleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwamba kule chini mtu anasahau jina, anasahau mama, anasahau Mungu. Jasho lake peke yake ndilo asilolisahau. Kwao majoka nguo iliyoachwa hutundikwa nyuma ya mlango ilivyo, na watoto hukua wakiiona hapo, ndiyo maana haikuwajia kumwambia. Nguo nyingine haifai. Ni ile tu, na ile sasa ilinuka sabuni na uunsi. Wema hauozi, husemwa. Wema wa Ikran ulikuwa umeozea mikononi mwake.

"Yangu hukufua," Abdiaziz alisema.

"Sikufua."

"Basi ulikuwa umemchagua yeye."

Ikran akainamisha kichwa.

"Wallahi, ungenipenda mimi, saa hii mimi ndiye ningekuwa kule."

Hakuyasema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata Ikran maini. Alipiga magoti kwenye tope akamshika miguu. Watu wa Kilelengwani walikuwa wamesharudi kwenye mashamba yao, na mama yake Nzai alikuwa miongoni mwao. Joka lisilojikumbuka lingewala wao au wao wangeliua kwa mikuki, kwa vyovyote vile Nzai angekuwa amekwisha. Alimsihi Abdiaziz ashuke amzuie, amgeuze, amsukume hata mpaka baharini, mradi aishi.

Abdiaziz alitazama maji.

"Nikishuka tena," alisema, "nguo yangu nitamwachia nani?"

Ikran akanyoosha mkono, ule ulioungua. Abdiaziz aliutazama. Kisha akakaza fundo la kikoi, akapanda ukingo kuelekea barabara ya Garsen, na Ikran hakuona haki ya kumwita.

Chini ya mto, upande wa Kilelengwani, watu walianza kupiga madebe, kama wapigavyo mamba akitokea.