Jenereta Nyuma ya Zizi

Jenereta yangu ikinguruma hapa Sagalla, ndovu wa Ndara hukunja masikio na kuhama. Mmoja alikuja mpaka langoni kuniomba niizime, mtoto wake ana mtihani. Usiamini ukitaka, hata mke wangu Tryphena haamini.

Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Stima ilikuwa imepotea tangu jana yake, na dada yangu Wakesho anapumua kwa mashine ya oksijeni. Bila jenereta, mashine inanyamaza. Jenereta ikiwaka, hakuna anayemsikia Wakesho, maana siku hizi sauti yake ni nyembamba kama uzi wa katani.

Na ilikuwa lazima asikike. Mjukuu wake Immaculate alikuwa anaondoka jioni kwenda kufanya kazi Uarabuni, safari ambayo Wakesho aliikataa mwezi mzima. Kwetu, mzee haachi mtu aende na hasira yake mgongoni. Anatasa: anapiga funda la maji ya muwa, anayapuliza nje, na kinachomchoma moyoni anakitamka. Kisichosikika hakijatoka.

"Nitaiingiza jikoni nifunge mlango," nikasema.

"Utuue?" Tryphena akadakia. "Moshi wa hiyo kitu haubishi hodi!"

Basi nikaleta magunia ya katani. Nikaivalisha jenereta juu na kila upande, kama mtoto mchanga wa Bura wakati wa baridi. Kelele ikapungua kweli. Nikashika kiuno, najipongeza. Wakesho hajafikisha kikombe cha maji ya muwa mdomoni, jenereta ikakohoa, gunia likaanza kunuka kuungua, mashine ikazimika.

"Sylus," dada akaniita kutoka kitandani, "na yenyewe inapumua."

Immaculate akamfungulia mtungi mdogo wa oksijeni ya akiba. Mshale wake ulikuwa umeshalala karibu na alama nyekundu. Nikang'oa magunia. Maji sikumwaga, chuma cha moto hakimwagiwi maji, wala tangi la petroli sikuligusa. Nikangoja ipoe, na kungoja ndiyo kazi iliyonishinda maisha yangu yote.

"Si utase sasa, kumenyamaza?" Tryphena akamwambia wifi yake.

Wakesho akatikisa kichwa. "Sitasi mbio mbio kama anayeogopa mtungi utaisha."

Ilipopoa, mimi na Immaculate tuliibeba hadi nyuma ya ukuta wa mawe wa zizi la mbuzi, mbali na madirisha, upande upepo unakoelekea. Tukaikalisha juu ya vipande vya tairi kuukuu isitetemeshe ardhi, ekzosi ikitazama bondeni. Upande wa nyumbani tukasimamisha mbao mbili, hatua nzima kutoka kwenye injini, magunia tukayaning'iniza nyuma ya mbao, yasione moto. Juu na pembeni tukaacha wazi. Nikavuta waya mnene mpaka chumbani, kisha nikaiwasha.

Ndani ilisikika kama mtu anayekoroma nyumba ya jirani.

"Sasa hata wewe unaishinda," Tryphena akaninong'oneza.

Mashine ya oksijeni ikaanza kuhema. Wakesho akangoja mpaka pumzi yake itulie. Akapiga funda, akapuliza kuelekea mlangoni.

"Nimekasirika," akasema, na tulimsikia sote. "Hukuniuliza, Immaculate. Ulikuja kuniarifu tu, kama chifu anayetangaza baraza. Hiyo naitoa."

Akapuliza tena.

"Nimekasirika kwa sababu hutakuwepo kunizika."

Immaculate akapiga magoti. "Bibi, nisiende?"

"Ngoja nimalize." Akainua kikombe, akakitazama, akakirudisha bila kunywa. "Hiyo naona haitoki. Nitabaki nayo mimi, nimeizoea. Wewe usiibebe. Nenda, mikono yako ipate kazi na moyo wako upate kulala."

Nilitamani, kidogo tu, jenereta ingurume ifunike maneno yale. Haikunguruma. Immaculate alikuwa ameinamisha kichwa karibu na mdomo wa bibi yake, anayapokea yote.