Salamu Haiandikwi kwenye Fomu

"Nani alikwambia mimi sina neno?"

"Wewe mwenyewe, mzee."

"Mimi? Lini?"

"Siku ile ulipokuja. Imeandikwa hapa, soma."

Sauti zilishapanda kiasi kwamba waliokaa kwenye benchi nje ya chumba namba nne waliacha kulalamikia foleni, wakatega masikio. Ndani, afisa wa ustawi wa jamii alikuwa amelisukuma faili mpaka ukingoni mwa meza, kidole kimegandia mstari mmoja. Wembe akainama kuusoma. Mstari wenyewe ulisema: Mwombaji anaeleza kuwa hajambo, mguu hauna neno, anaendelea vizuri. Chini yake, kwa wino mwekundu: Ombi halikukubaliwa.

Mtaani walimwita Wembe kwa sababu ya kazi. Miaka ishirini na miwili alinyoa vichwa, vya watoto wanaolia na vya wazee wanaosinzia, na hakuna aliyetoka kwenye kiti chake na mchubuko. Halafu asubuhi moja, anapiga mswaki, kiharusi kikamshukia. Mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia kama taulo lililoloa. Ndipo akaomba ruzuku ya ulemavu. Si kwamba alitaka kukaa ale bure. Alitaka kumlipa mtu wa kumsaidia asubuhi, maana mkewe hutoka alfajiri kwenda kufagia madarasa, na binti yao mkubwa ameitwa chuo, anatakiwa aripoti Jumatatu. Ilipofika barua ya kukataliwa, binti alifungua begi alilokwisha kulipanga. Alitoa nguo kwenye begi, akazirudisha kabatini moja moja, akasema haendi popote, baba atavalishwa na nani?

Sasa hilo ndilo lililomleta Wembe hapa leo na hasira zote hizi, mkewe nyuma yake.

"Hiyo ilikuwa salamu," alisema.

"Mimi naandika ninachoambiwa."

"Ulitaka nikujibu nini, mwanangu? Nimeingia kwa watu, hata kiti sijakalia, nianze kusema mbaya?"

Na kweli, siku ile mambo yalikwenda hivyo hivyo. Aliingia na shati lake la sikukuu, afisa hajainua hata macho, akamuuliza hujambo mzee. Sijambo. Habari ya mkono? Nzuri tu. Na mguu? Hauna neno. Kwa ujumla unaendeleaje? Vizuri, tunamshukuru Mungu. Kumbe kalamu ilishaanza kazi zamani. Yeye anadhani bado wanaamkiana, amekaa mkao wa kusubiri maswali yaanze, mara anaambiwa asante, utaletewa barua. Akarudi nyumbani akimsifia mkewe jinsi yule binti wa ofisini alivyo na adabu, anakujulia hali kiungo kwa kiungo.

Mkewe akaona bora aingilie kabla meza haijapinduliwa.

"Dada yangu, nikwambie kitu," alimwambia afisa. "Huyu hata akiwa mochwari, ukifunua shuka ukamuuliza habari, atakujibu nzuri."

Benchi la nje likaangua kicheko. Afisa akang'ata mdomo ajizuie, akashindwa, akavua miwani akajifanya anaifuta. Baada ya hapo sauti zikashuka. Akawaeleza kwamba kwa siku anaona watu arobaini, na akiongeza neno lake mwenyewe kwenye fomu ya mtu ataambiwa kala kitu kidogo. Akawaeleza pia kwamba siku ya mwisho ya rufaa ni leo hii, ofisi inafungwa saa tisa. Anaweza kumuuliza maswali upya, ila ajibu mwenyewe. Mama asitie neno.

Mkewe akajishona midomo kwa sindano ya hewani, akakunja mikono.

"Unaweza kuvaa mwenyewe?" afisa akaanza.

"Naweza."

Ilimtoka tu, kama chafya. Mkewe alimwangalia kwa jicho lile unalomwangalia nalo mbuzi aliyekutwa anatafuna nguo kambani. Kisha, kwa kuwa amekatazwa kusema na watu, akasema na dari.

"Mficha uchi hazai."

Afisa hakuandika. Alilitazama shati la Wembe, kuanzia kola mpaka chini.

"Mzee, vifungo hivyo leo kafunga nani?"

Wembe naye akaviangalia, kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Vilikuwa saba, vimenyooka vizuri.

"Binti yangu."

"Basi hapa niandike nini?"

Wembe akagusa kifungo cha juu. Unajua, maisha yake yote neno siwezi lilikuwa la wavivu. Aliyemfundisha kazi alikuwa akikusikia unasema siwezi anakupiga kofi la kisogo, halafu anakurudishia mkasi mkononi. Tangu augue, Wembe amekuwa akijikaza kisabuni, anaanguka bafuni anasema kateleza, anamwaga chai anasema kikombe kibovu. Hata nyumbani hajawahi kulitamka. Sasa alitamke mbele ya mtoto wa watu, liandikwe, lipigwe muhuri? Lakini kila akifumba macho analiona lile begi, limelala tupu chini ya kitanda, zipu wazi. Akapiga moyo konde.

"Andika siwezi."

La kwanza likishatoka, mengine hufuata. Kuoga, mpaka ashikwe. Ngazi, tano anapanda, ya sita mguu unagoma. Hapo hapo akaanza kuwa makini kupita hata afisa mwenyewe, akawa anamsahihisha. Ndala naweza, viatu vya kamba siwezi. Kijiko naweza, ila kwa kushoto, na mchuzi nusu unaishia kifuani. Usiandike sili kabisa, alimwambia, nakula, andika namwaga. Afisa anaandika, anageuza ukurasa, anaandika.

"Kazi yako?"

"Kinyozi."

"Unaweza kuifanya?"

Hapo Wembe akauinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya paja. Lilikuwepo jambo ambalo hakumwambia mtu, mkewe akiwemo. Mwezi wa pili baada ya kuugua, alifungua duka lake la kunyolea siku moja watu wakiwa makazini, akamwita mteja wake wa siku zote, fundi saa wa jirani, akamkalisha ajaribu kumnyoa kwa mkono wa kushoto. Alianza vizuri. Alipofika nyuma ya sikio, wembe ukaenda ulikotaka. Fundi saa akashika pamba, damu inamchirizika shingoni, akasema hamna kitu ndugu yangu, mbu angeuma zaidi. Tangu siku ile fundi saa amefuga nywele. Na akitaka kupita pale dukani, anavuka barabara, anapitia upande wa pili.

Yote hayo aliyasema taratibu, macho yake kwenye mkono wake wa kulia uliolala juu ya paja. Mkewe akaikunjua ile mikono aliyokuwa ameikunja.

"Wanasema kinyozi hajinyoi," alimalizia Wembe. "Mimi sasa hata mwenzangu simnyoi. Siwezi, mwanangu. Hiyo ndiyo siwezi yenyewe."

Afisa akaandika mstari mrefu, akampa kalamu asaini. Akasaini kwa kushoto, jina likapanda mlima. Kikabaki cheti cha daktari tu, kiunganishwe, faili lipande kwenye bodi. Afisa akakivuta, akakisoma, akakisoma tena. Kisha akakigeuzia kwao. Kilisema: Mgonjwa anaendelea vizuri.

Mkewe akafumba macho.

"Na daktari naye uliamkiana naye?"

"Aliniuliza unaendeleaje," alisema Wembe kwa sauti ndogo.

Afisa akasema ukweli wake. Bodi ikiona karatasi moja inasema siwezi na nyingine inasema vizuri, inatupa zote mbili. Daktari akirekebisha leo, faili litakwenda leo. Asiporekebisha, waanze upya mwakani. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Mpaka hospitali, mwenye miguu miwili ni mwendo wa dakika ishirini.

Mkewe alishasimama, khanga ishafungwa kiunoni. Alisema anakwenda yeye mbio, wewe kaa hapa na mguu wako. Wembe akakataa. Daktari hawezi kuurekebisha mguu asiouona, na maneno aliyatoa yeye kwa mdomo wake, atakwenda kuyafuta kwa mdomo huo huo.

"Wewe kaa na faili," alimwambia. "Likiachwa peke yake humu ndani litaota miguu."

"Baba watoto, utaanguka njiani."

"Nikianguka nitaokotwa. Wewe unataka Jumatatu mtoto aamke anifunge vifungo? Fimbo ninayo. Mtoto sitaki awe fimbo."

Mkewe akaketi.

Afisa akamuuliza kama kweli atafika. Siku nyingine Wembe angejibu kabla swali halijaisha. Safari hii akapiga hesabu za njia, lile daraja la mbao, kile kipande cha mlima kabla ya lango la hospitali.

"Kwenda nitafika," alisema. "Kurudi ndiko nitakakochelewa. Utanisubiri?"

"Saa tisa na nusu mlinzi anafunga geti."

"Wewe utanisubiri?"

Afisa akalivuta faili, akaliweka mbele yake katikati ya meza, akaweka viganja viwili juu yake.

"Nitakusubiri, mzee."

Wembe akainuka. Kiti kilimng'ang'ania mara ya kwanza, mara ya pili kikamwachia. Mlangoni akakuta kazi nyingine, maana mkono ni mmoja na vitu ni vitatu, fimbo, cheti na kitasa. Mkewe akanyanyuka kidogo, afisa naye. Akawatikisia kichwa wote wawili. Akaitundika fimbo kwenye kiwiko cha ule mkono uliolala, akaking'ata cheti kwa meno, akashika kitasa kwa kushoto. Akavuta mguu juu ya kizingiti, akageuka, akaufunga mlango mwenyewe mpaka komeo likalia.