Kadi ya Cherehani ya Miguu

...ati ilikosewa, anasema Maroa mwenye duka, ilikosewa, utadhani kadi ya bei ilijiamkia asubuhi ikatembea yenyewe hadi dirishani, na mimi nimesimama hapa kaunta, mkono wangu uko juu ya cherehani ya miguu na siutoi, pesa yangu iko pale kati yetu, ile niliyoifungua kwenye pindo la leso mbele ya macho yake, akaihesabu, akalamba kidole akaihesabu tena, akasema sawa Mama Sammy, sawa, neno hilo limetoka kinywani mwake nikalisikia kwa masikio haya, ndipo akainua macho akaona nimeshika mashine ipi, akanisukumia noti zangu kwa ncha za vidole kama kitu kilichooza... "Hiyo kadi ni ya cherehani ya mkono, Mama Sammy. Hii ya miguu ni elfu saba na nusu. Ni Dorah alichanganya akipanguza vumbi." Vumbi! Leo vumbi la Migori ndilo lenye makosa, sisi sote hatuna, na kweli lori moja tu likipita hiyo barabara ya murram isiyo na lami dirisha lote linageuka jekundu, kila asubuhi Dorah, mfanyakazi wake, anatoa kadi, anapanguza mashine, redio, pasi, taa, anarudisha kadi, na bwana mwenye duka amekaa hapo hapo na kikombe chake cha chai, haangalii, kadi imekaa kwenye mashine hii tangu siku ya soko, nimepita nikaisoma, nikarudi nikaisoma tena nisije nikajidanganya, nikaenda nikauza mbuzi wangu wawili, wa mwisho, sasa mbuzi nao nikawaambie warudi kwa sababu ya vumbi? "Si uchukue tu ya mkono, bei ni hiyo hiyo," anasema, na anatabasamu, tena anajua, Migori nzima inajua mkono wangu huu wa kulia, tangu nilipoteleza kwenye matope ya soko kule Homa Bay ukavunjika ukaungwa vibaya, haukazi, hauzungushi gurudumu, cherehani ya mkono kwangu mimi ni kigoda cha kukalia, lakini ya miguu, ya miguu mguu unafanya kazi, mkono wa kushoto unaongoza kitambaa, huu mbovu unashikilia tu, shule zinafunguliwa na kila mtoto anataka kaptula, nitashona au nitazunguka kwa majirani na bakuli, hakuna la katikati, mwaka mzima nimeishi kwa majirani na nimechoka kusema asante... na nyuma yangu Mwalimu Mokaya, aliyekuja kununua betri za redio, anakohoa kile kikohozi chake cha darasani. "Unajua, mama, kisheria hiyo kadi si bei. Ni mwaliko tu. Wewe ndiye unatoa offer, yaani pendekezo la kununua, na mwenye duka ana haki ya kukataa." Mwaliko! Basi mimi nimealikwa, nimevaa, nimefika mlangoni, naambiwa rudi nyumbani mama, sufuria zilihesabiwa vibaya, na watu wanaitikia kwa vichwa kwa sababu mwalimu amesema, na kama ningekosea mimi, kama ningetoa noti ya mia tano nikidhani ni mia, Maroa angenikimbilia barabarani? Angeinyamazia, angeiita baraka. Halafu mwalimu, hiyo offer si niliitoa, si aliihesabu mara mbili, si alisema sawa, hapo sheria yako inasemaje, au inaishia pale panapomfaa mwenye duka... yako kooni yote hayo na hayatoki, nikikasirika ulimi wangu unakuwa mzito, nimekuwa hivyo tangu utotoni kule Rusinga, na mama yangu hakuwa hivyo, mama yangu angekuwa ameshamaliza. Mama yangu aliuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, sokoni Mbita na hakujua sheria hata moja ya mwalimu, ila pale sokoni bei ikitoka kinywani na mteja akaingiza chombo kwenye omena, imetoka, hairudi, hata kama umelewa, na siku ile Emmaculate, mama mmoja aliyekuwa akimsaidia kuuza, alitaja bei ya kopo dogo na mteja ameshachota gorogoro zima, lile kopo kubwa, tena omena safi isiyo na mchanga, mteja akacheka, watu wakatazama, mama akasema, "Bei imeshatoka. Mpimie." Basi. Hakuna cha mwaliko... "Haya!" Maroa amepiga kaunta kwa kiganja. "Nimechoka na kusimamiwa hapa. Chukua hiyo mashine, Nyar Rusinga, binti wa kisiwani, chukua. Lakini ile tofauti nitakata kwa mshahara wa Dorah mpaka iishe. Sasa amua wewe." Dorah amesimama kando ya dirisha na kitambaa chake chekundu kwa vumbi, mtoto wake amelala mgongoni, hanitazami mimi wala Maroa, anatazama redio aliyokuwa akiipanguza, na wazo la kwanza linalonijia ni baya na nitalisema, si alikosea, alipe, mimi mkono ulipovunjika nani alikatwa mshahara kwa ajili yangu? Halafu mtoto anasogeza kichwa mgongoni na Dorah anampigapiga bila kugeuka, na naona aibu, nauondoa mkono... hapana, siuondoi, ngoja, ngoja kwanza, kuna kitu hapa, mbona mimi ndiye wa kuamua, mbona katika duka lote hili watu wawili tu ndio wa kuumia, mimi na huyu mwenye kitambaa, na Maroa ananawa mikono? Emmaculate alilipa? Jioni ile nilimwona akipewa ujira wake wote na omena ya mboga juu, nikamuuliza mama, kwani humkati, si yeye ndiye alikosea, na mama akanitazama kama nimetukana, "Omena ni ya nani? Faida ingekuwa ya nani?" Nimeibeba nusu ya mama yangu kuja nayo dukani, ile ya kumpimia mteja, nusu nyingine nimeiacha Mbita... "Unaamua nini, Mama Sammy? Watu wanangoja." Wangoje. Noti ziko palepale, mwalimu ameshika betri zake, lori jingine linapita na vumbi linaingia, Dorah ameinua kitambaa tena, na ulimi wangu, nausikia, umekuwa mwepesi, maneno yanatoka. Kadi ni yako, Maroa, na dirisha ni lako, na sawa uliisema wewe, si Dorah. Mguu wangu umeshapata kikanyagio. Nitachukua cherehani hii kwa bei iliyoandikwa, na sitoki hapa mpaka useme, mbele ya mwalimu na sheria yake, kwamba hasara ni ya mwenye duka.