Breki ya Mkono wa Kushoto

Vidole viwili vya Zibuyile vilibaki msituni chini ya misonobari, na hakuna aliyerudi kuvitafuta. Cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Kwenye maandishi ya polisi aliyevikata ni mtu asiyejulikana. Uongo mtupu. Alijulikana vizuri sana. Alikuwa Vukani, mdogo wa mumewe, kijana aliyekuwa akila naye phutu, ugali wao mkavu wa mahindi, na maziwa mgando kila Jumapili, na ambaye zamani alikuwa bingwa wa kuteremka milima kwa baiskeli katika KwaZulu yote.

Siku hizo wenye mapanga walikuwa wakiwavizia waendesha baiskeli kwenye njia za juu ya Pietermaritzburg. Walimkuta Zibuyile, fundi wa baiskeli, akijaribu breki za baiskeli ya mteja. Mwenye soksi usoni akamwambia aachie usukani. Zibuyile hakuachia, kwa sababu baiskeli haikuwa yake na kwa sababu ana kichwa kigumu tangu kwao. Panga likashuka. Katika purukushani ile soksi ikapanda kidogo, na akaliona kovu kidevuni. Jeraha lake aliliosha na kulifunga yeye mwenyewe, Vukani alipopasuka mashindanoni, enzi za bibi harusi mpya na shemeji wa kuchekesha.

MaNgubane, mama mkwe wake, alifika hospitali kabla ya mtu yeyote. Alikwisha kujua. Mama hujua.

"MaMkhize," alimwita kwa ukoo wa baba yake, kama wakwe zake wote walivyomwita. "Wewe ni mwanangu. Na yule ni mwanangu, nimemzaa. Wakimshika watamuua. Nyamaza. Nakuomba, mwanangu, nyamaza kwa ajili yangu."

Akanyamaza. Hata mumewe Mzamo, aliyekuwa akiendesha lori la Durban na kurudi nyumbani kwa nadra, aliambiwa ni majambazi tu. Watu husifu mke anayejua kunyamaza. Wanaomsifu wana vidole vyao vyote.

Vukani naye hakuona haya. Aliendelea kuja Jumapili, akaketi mezani, akampa mkono wa salamu na kuubana palepale penye makovu.

"Shemeji, pole. Bado inauma?"

"Haiumi."

"Wewe ngangari. Nakuogopa."

MaNgubane aliinamia sahani yake. Zibuyile alikuwa akiondoka mezani bila kumaliza, anakwenda gereji kwake, anafunga mlango na kushika spana. Alimchukia yule kijana kuliko alivyopata kumchukia mtu. Alimchukia asubuhi akifunga vifungo vya gauni, akamchukia jikoni, akamchukia zaidi kila alipopanda baiskeli.

Maana kule breki ya mbele iko mkono wa kulia. Ndivyo baiskeli zao zilivyo tangu babu zao, na mtoto akijifunza kuendesha anajifunza hivyo: kulia mbele, kushoto nyuma. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli mteremkoni, na huvutwa kwa kidole cha shahada, kwa hesabu, kidogo kidogo. Zibuyile hakuwa na hicho kidole. Alijaribu kwa kidole cha pete. Mara inabana mno, mara haibani kabisa. Akaanguka mara nyingi, akajichubua, akalia kwa hasira kwenye majani ya misonobari mahali ambapo hakuna wa kumwona.

Mwishowe akazigeuza.

Aliilaza baiskeli yake gereji siku nzima. Akafungua mipira ya mafuta kwenye vishiko vyote viwili, akaipishanisha, wa mbele uende kushoto, wa nyuma uende kulia. Akaukata uliozidi urefu, akavalisha pete mpya ya shaba, akakaza. Kisha akatoa pedi na magurudumu yasije yakarukiwa na tone, akachomeka sindano ya mafuta chini, kwenye chuma kinachobana diski, na nyingine juu kwenye kishiko. Akasukuma polepole, huku akiugonga mpira kwa mpini wa bisibisi, na povu la hewa likapanda na kutoka. Mafuta yenyewe yalikuwa yale ya madini yanayotakiwa. Wapo wajuaji wanaotia ya breki za gari, halafu wanamletea baiskeli raba za ndani zimevimba na breki imegoma, wakidai wameuziwa kitu kibovu. Yeye hakuwa na mchezo huo. Mbele akafunga diski kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na kishiko cha kushoto akakisogeza karibu na usukani ili kidole kimoja kitoshe. Kile cha kulia, cha nyuma, akakilegeza kimfae kidole cha pete.

Alipomaliza, breki ya mbele ilikuwa kali kiasi cha kuogopesha. Ukigusa tu, gurudumu linasimama. Aliizoea baada ya majuma kadhaa, na kwa mara ya kwanza tangu panga lile akateremka mlima akicheka peke yake kama mwendawazimu.

Alikuwa amesimama juu ya mteremko uitwao Ngazi, siku ya jua kali, akikaza skrubu ya kishiko, aliposikia mbwa. Mbwa wa walinzi wa msitu. Mbele ya mbwa, akipanda kwa miguu kati ya miti, alikuja Vukani. Safari hii hakuwa na soksi. Shati lilikuwa limelowa damu, na panga pia, na damu haikuwa yake.

"Shemeji," alisema akihema. "Mungu anakupenda. Nipe baiskeli."

"Umemfanya nini mtu?"

"Kang'ang'ania. Kama wewe. Nipe."

"Sikupi."

"Zibuyile, sina muda wa utani."

Zibuyile hakungoja. Alikuwa na spana mkononi, akampiga nayo begani, kwenye mfupa, na akausikia unavyolia. Vukani akaguta. Akampiga tena, ikalikosa sikio, na mara hiyo panga likaja kwa ubapa likamkuta shavuni. Akaanguka na baiskeli. Mdomo ukajaa damu na jino likalegea. Alipojaribu kuinuka alipigwa teke la tumbo, kisha la mbavu, kisha mguu ukamkanyaga mkono wa kulia na kuusaga kwenye mawe.

"Bado vitatu," Vukani alisema. "Unataka nimalizie? Niachie, mwanamke. Sitaki kukuua, mama atanisumbua."

Akaichomoa baiskeli chini yake. Mbwa walikuwa karibu sasa, na sauti za watu. Vukani akaipanda, panga bado mkono wa kulia, kalibana pamoja na usukani. Kwa mazoea ya bingwa akakibonyeza kishiko cha kushoto kabla ya kuondoka. Kilikuwa kigumu na kifupi, bila hewa hata chembe.

"Breki kali," alisema, na kwa kitambo alikuwa yule kijana wa zamani. "Nani kakutengenezea?"

"Mimi."

"Hongera, shemeji."

Zibuyile alikuwa chini, mdomo wazi, damu ikimdondoka. Maneno yalikuwepo. Yalikuwa mawili tu, breki zimegeuzwa, na pumzi ya kuyasema ilikuwepo. Alimwona jinsi atakavyoshuka. Mkono wa kulia una panga, kwa hiyo breki ni ya kushoto peke yake, ambayo kwa kila mtu aliyezaliwa kule ni ya nyuma, ya kuivuta kwa nguvu bila wasiwasi. Aliyaona yote kama mtu anavyoona maziwa yanataka kumwagika jikoni. Akaufumba mdomo wake.

Vukani akateremka Ngazi. Aliteremka vizuri, makalio nyuma, magoti yamelegea, hakuna aliyekuwa akiteremka kama yeye. Kwenye kona yenye mizizi akavuta kushoto.

Gurudumu la mbele likasimama papo hapo. Baiskeli ikanyanyuka nyuma, ikamrusha juu ya usukani, na panga likaenda naye. Alitua kwa kichwa kwenye kisiki, akabingirika, baiskeli ikamwangukia. Mlio wake ulikuwa mfupi.

Zibuyile alishuka akishikilia miti. Alipomfikia, panga lilikuwa limemwingia chini ya mbavu mpaka nusu, na shingo ilikuwa imekaa mahali ambapo shingo haikai. Macho yalikuwa hai. Gurudumu la nyuma lilikuwa bado linazunguka.

"Umeifanya nini hii baiskeli?" aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyeibiwa kitu chake.

"Breki ya mbele iko kushoto."

"Nani anaweka kushoto?"

"Asiye na vidole vya kulia."

Alifikiri. Zibuyile alimwona akifikiri, na akaona fikra ilipofika. Vukani akataka kusema kitu, povu jekundu likaja badala yake. Zibuyile akapiga magoti, akakishika kichwa kile kisicheze, kama alivyofundishwa mashindanoni, na akakishikilia mpaka mbwa walipofika na hakukuwa tena na sababu ya kukishikilia. Alikuwa akilia. Hakujua analia kwa ajili ya nani, na hakujisumbua kujua.

Mzamo alirudi kutoka Durban, akachinja ng'ombe, akazika. Kabla ya mazishi MaNgubane alikalishwa kwenye godoro sakafuni, blanketi mabegani, mshumaa pembeni mchana kweupe, na akina mama wa kanisa wakaketi ukutani kumwimbia. Siku ya pili aliomba MaMkhize aitwe.

Zibuyile akaingia bila viatu, shavu limeshonwa, akakaa chini kandoni mwake, ameinamisha macho kama inavyompasa mke wa mwana.

"Walinzi wanasema baiskeli ilikuwa yako."

"Ndiyo, mama."

"Wanasema breki zake zilikuwa zimegeuzwa."

"Ndiyo, mama."

"Na wakati anaipanda ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Akina mama wakaacha kuimba, mmoja mmoja.

"Ulikuwa na mdomo," MaNgubane alisema. "Hukumwambia?"

Zibuyile akautoa mkono wa kulia chini ya shali, akauweka juu ya goti la mama mkwe wake. Akainua macho.

"Uliniambia ninyamaze, mama."

MaNgubane aliutazama mkono ule kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Kisha akaushika palepale penye makovu, akaubana kwa nguvu zake zote mpaka ukauma, na hakuuachia.